Bernadette: Alifukua chemchemi ya Lourdes, yeye akafa mgonjwa

Makanisa mengi ya Kikatoliki hapa kwetu yana groto: pango dogo la mawe, sanamu ya Bikira Maria juu, na chini yake mara nyingi binti aliyepiga magoti. Binti huyo ni Bernadette Soubirous, na maisha hayakumwendea kwa ulaini hata kidogo.

Alizaliwa Januari 7, 1844, Lourdes, mji mdogo chini ya milima ya Pyrenees, Ufaransa. Baba yake alikuwa msaga nafaka. Biashara ikafa, kinu kikaenda, familia nzima ikabanana kwenye chumba kimoja kilichowahi kuwa jela. Bernadette alikuwa na pumu, akanusurika kipindupindu, na akiwa na miaka 14 kusoma bado.

Februari 11, 1858 alitoka na mdogo wake na rafiki yao kuokota kuni karibu na pango la Massabielle, kando ya mto Gave. Hapo, kwa maelezo yake, akamwona mwanamke aliyevaa nguo nyeupe. Jumla alisema amemwona mara 18.

Siku iliyozua maneno zaidi ni Februari 25. Mbele ya watu alianza kufukua tope kwa mikono, akanywa yale maji machafu, akatafuna majani, uso wote matope. Wengine wakasema basi, huyu kachanganyikiwa. Lakini pale alipofukua maji yaliendelea kutoka, yakawa safi, na yanatoka mpaka leo.

Polisi walimhoji na kumtishia jela. Alipompelekea paroko, Padri Peyramale, ujumbe kwamba kanisa lijengwe pale, alifokewa. Serikali ikalizungushia pango uzio, hadi Kaisari Napoleon III alipoamuru lifunguliwe Oktoba mwaka huohuo. Maji yakapimwa: hayana dawa yoyote, ni maji ya kawaida tu. Askofu wa Tarbes naye hakuwa na haraka. Alikubali maono hayo Januari 1862.

Kanisa la chini lilifunguliwa Mei 1866, Bernadette akiwepo. Julai akaondoka kwenda utawani Nevers, na Lourdes hakurudi tena. Huko alihudumia wagonjwa mpaka yeye mwenyewe akawa mgonjwa. Kifua kikuu kilimwingia hadi kwenye mfupa wa goti. Hapo ndipo wengi hushangaa. Watu walikuwa wakimiminika kwenye chemchemi kutafuta uponyaji, na aliyeifukua yuko kitandani. Mwenyewe aliamini maji yale hayakuwa kwa ajili yake. Hata pesa za wageni alizikataa tangu zamani, nyumbani kwao kukiwa hakuna kitu.

Alifariki Aprili 16, 1879, akiwa na miaka 35, na akatangazwa mtakatifu Desemba 8, 1933. Uponyaji zaidi ya 70 wa Lourdes umetambuliwa na Kanisa kuwa muujiza. Mwili wake haupo huko. Uko Nevers, ndani ya sanduku la kioo.