Warshi, Mmisri wa kuvuta harakati sita

Ndugu msomaji, huenda uliwahi kuswali nyuma ya mgeni kutoka Senegali au Mali, ukanung'unika kwamba anavuta maneno kupita kiasi. Kabla ya kumsahihisha, mjue kwanza Warshi.

Jina lake hasa ni Uthman bin Said, mzaliwa wa Misri mwaka 110 wa Hijria (728). Lakabu ya Warshi alipewa na mwalimu wake. Wengi wanasema ni kwa weupe wake, kwani warshi ni chakula kitokanacho na maziwa.

Mwaka 155 alifunga safari hadi Madina kumfuata Imamu Nafii. Akakuta msongamano: wanafunzi tele, kila mmoja na aya zake chache, na yeye mgeni hana zamu. Inasimuliwa kuwa alitafuta mwenyeji wa kumwombea nafasi, akalala msikitini, na alfajiri Nafii akamwita kabla ya wengine. Alikuwa na sauti nzuri. Alipomaliza fungu lake, wenzake wakaanza kumgawia aya za zamu zao. Sisi tuliosomea ukimbizini tunajua uzito wa jambo hilo! Kwa mwezi mmoja akahitimisha Qurani mara kadhaa, kisha akarudi Misri kufundisha.

Tuje kwenye madda. Ile ya asili ni harakati 2 kwa wote. Irabu ndefu ikifuatwa na hamza, sisi tunaosoma kwa Hafs huvuta 4 au 5. Warshi, kwa njia ya mwanafunzi wake al-Azraq, huvuta 6, hamza iwe ndani ya neno lilelile au mwanzoni mwa neno linalofuata. Kinachowashtua watu zaidi ni hamza inayotangulia irabu, kama katika neno aamanuu: Hafs ni 2 tu, Warshi anaruhusu 2, 4 au 6.

Alifariki Misri mwaka 197 (812), akiwa na miaka 87 ya Hijria. Usomaji wake ukashika Moroko, Algeria, Mauritania na sehemu kubwa ya Afrika Magharibi. Huku kwetu misahafu ni ya Hafs, ambayo chapa ya Cairo ya mwaka 1924 iliieneza sana.

Kwa hiyo yule imamu wa Dakar hakukosea. Angekosea kama angevuta 6 aya hii na 4 aya inayofuata, kwa madda ileile, katika kisomo kimoja. Hilo ndilo la kumsahihisha, naye hata mtoto wa madrasa.