Tumpime kiongozi wa mazingira kwa mche uliopona

Kila nifikapo kwenye mada ya mazingira darasani, hapa Majoreni, hubaini jambo moja. Wanafunzi wangu wanalijua jina la Hayati Profesa Wangari Maathai, lakini maisha yake hawayajui. Si kosa lao. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipoiaga dunia tarehe 25 Septemba 2011, na waliokuwa wamezaliwa walikuwa bado wakibebwa migongoni mwa mama zao. Kwao yeye ni picha ya kitabuni: mwanamke aliyefunga kilemba, jembe mkononi, mche miguuni. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya kiongozi aliyeitwa na marais wa nchi za mbali awe mtetezi wa msitu usiokuwa wa nchi moja. Nusu hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa mpakani.

Ndugu msomaji asiyeifahamu Majoreni na ajue kwamba tuko kusini kabisa mwa Kwale, kwenye pwani inayotoka Shimoni kuelekea Vanga. Mbele yetu ni mikoko na bahari. Baada ya Vanga na Jimbo ni Tanzania. Mto Umba, unaomwaga maji yake Vanga, huanzia katika milima ya Usambara. Miti ikikatwa huko juu, tope hushukia kwetu. Hali kadhalika, samaki anayezaliwa katika mizizi ya mikoko yetu huenda akavuliwa na mvuvi wa upande wa Tanga, wala hakuna askari wa forodha awezaye kumzuia. Kwa sababu hiyo serikali za ukanda huu zilitia saini Mkataba wa Nairobi wa kuhifadhi bahari na pwani mwaka 1985, na kwa sababu hiyo hiyo mpango wa Kenya na Tanzania kuwa na hifadhi ya pamoja ya bahari katika sehemu zetu hizi umezungumzwa kwa miaka mingi. Mikutano imefanywa na ramani zimechorwa. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ushirikiano wa namna hiyo unahitaji kiongozi wa sifa gani? Nadhani jibu limo katika maisha ya mama huyu.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, na huko familia iliishi kwa muda kabla ya mama kumrudisha binti nyumbani kusoma. Karibu na kwao palikuwa na mugumo, mti ambao Wakikuyu waliuheshimu kuwa mahali pa Mungu. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake. Kando ya mti huo palikuwa na kijito alimochezea akiwa mtoto. Miaka mingi baadaye, aliporudi akiwa msomi, alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Hapo ndipo alipoelewa kuwa mwiko wa wazee ulikuwa na elimu ndani yake, kwa kuwa mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikiyalinda maji.

Sisi wa Kwale hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wadigo, kama Wamijikenda wengine, wamezilinda kaya zao kwa miiko ya namna hiyo hiyo. Aingiaye Kaya Kinondo hatoki na hata kijiti. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake, Kinondo ikiwamo, zikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Ulimwengu ulikuja kuthibitisha yale ambayo wazee walikuwa wakiyatenda karne nyingi.

Elimu ya darasani nayo Wangari hakuidharau. Alisoma Loreto, Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 katika jimbo la Kansas, na ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimtunuku shahada ya udaktari, akawa mwanamke wa kwanza kufikia daraja hiyo katika Afrika Mashariki na ya Kati. Alifundisha anatomia ya wanyama, akapanda hata kuiongoza idara yake. Ninawaomba wasichana wa shule zetu waliangalie jambo hili kwa makini: kabla hajaitwa mama wa miti, alikuwa mwanasayansi.

Kazi ya miti haikuanza kwa ushindi. Jaribio lake la kwanza, mradi mdogo wa kuwapa kazi ya kupanda miti watu wasio na ajira, lilikwama, na miche mingi ikakauka kwa kukosa maji. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alilipeleka wazo lake katika Baraza la Kitaifa la Wanawake, na tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba huko Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali, mmoja wao akiwa Mekatilili wa Menza wa huku kwetu pwani. Huo ndio mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wanawake wa vijijini walimweleza kwamba kuni zilikuwa mbali, maji yalikuwa haba na watoto hawakushiba. Aliwajibu kwa kuwaonyesha kwamba matatizo hayo yote yana shina moja. Mabwana misitu walishuku kama wanawake wasiokuwa na cheti wangeweza kuotesha miche. Wanawake wakaokota mbegu mashambani mwao, wakaziotesha katika vikopo na vyungu vilivyopasuka, na miche ikaota. Kisha Vuguvugu likaweka kanuni moja rahisi: mwanamke alilipwa fedha kidogo kwa kila mche aliouotesha ambao, baada ya kupandwa, ulionekana kuwa hai. Hakulipwa kwa mche uliopandwa. Alilipwa kwa mche uliopona.

Kanuni hiyo ni ndogo kwa kuitamka, lakini inabeba falsafa nzima ya uongozi. Kupanda ni kazi ya siku moja, na hufaa kupigiwa picha. Kuponya mche ni kazi ya miaka, haina wapiga ngoma, na huhitaji mtu anayeishi pale pale. Kwa njia hiyo wanawake walipanda miti ipatayo milioni thelathini kufikia mwaka 2004. Haba na haba hujaza kibaba.

Aliyezoea kuulizia uhai wa mche hawezi kunyamaza anapoona msitu mzima ukigawiwa wakubwa. Mwaka 1989 alipinga mradi wa jengo la ghorofa sitini katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani, hata bungeni, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alikaa pamoja na akina mama waliodai wana wao waachiliwe kutoka vizuizini, akapigwa na polisi hadi akazirai. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani katika msitu wa Karura alipokwenda kupanda miti mahali ambapo ardhi ya umma ilikuwa imegawiwa watu binafsi. Leo wakazi wa Nairobi wanapumzika Karura na Uhuru, na wengi wao hawajui waliponaje.

Desemba 2002 wapiga kura wa Tetu walimpeleka bungeni, na mwaka uliofuata akawa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wako waliouliza miti na amani vina uhusiano gani. Mvuvi wa Majoreni anaweza kuwajibu: samaki wakipungua, ndugu wawili waliokuwa wakivua pamoja huanza kugombea mwamba mmoja.

Ndipo ukaja mwito mkubwa. Mwaka 2005 marais wa Afrika ya Kati walikutana Brazzaville na kutia saini mkataba wa kusimamia kwa pamoja misitu ya Bonde la Kongo, msitu wa tropiki unaozidiwa ukubwa na ule wa Amazon tu. Mwaka huo huo walimteua Wangari kuwa balozi mwema wa msitu huo. Hakuwa raia wa nchi yao yoyote. Nadhani hilo lilimfaa, kwani hakuna aliyeweza kumdhania kuwa anavutia upande wake. Alizunguka katika miji mikuu ya Ulaya na kwingineko akieleza kwamba mvua ya wengi hutegemea msitu huo. Juni 2008 ulipozinduliwa Mfuko wa Misitu ya Bonde la Kongo, kwa fedha za awali kutoka Uingereza na Norway, yeye na Paul Martin, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kanada, waliuongoza kwa pamoja. Miongoni mwa makusudi ya mfuko huo lilikuwamo lile la kuwasaidia wenyeji wa msituni wapate riziki bila kuumaliza msitu. Msomaji atatambua mkono wa nani uliokuwa pale: ni wanawake wale wale wa vikopo na vyungu, sasa wakiwakilishwa mbele ya marais.

Tusimfanye malaika. Balozi mwema hana jeshi wala sahihi ya kuzuia leseni ya kukata magogo. Ushirikiano wa nchi nyingi huenda mwendo wa kobe, na msumeno hausubiri. Nyumbani nako, mwaka 2007 alishindwa kukitetea kiti chake cha ubunge, wakati alipokuwa akiheshimiwa kote duniani. Yaliyompata yanatufundisha kwamba kiongozi wa ushirikiano mpana hana budi kuwa na mguu mmoja nje na mguu mmoja nyumbani, na kwamba hata mtu mwenye kipawa kama chake huona tabu kuisimamisha miguu yote miwili. Hadi mwisho wake alishikilia msimamo wake: aliusia asizikwe katika jeneza la mbao. Mwili wake ulilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji, ukachomwa kwa mujibu wa wosia wake.

Turudi Kwale. Mwaka 2013 wenzetu wa Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Mapato yamesaidia maji na elimu. Mwaka 2019 majirani zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa hekta 460. Miradi hii ina kanuni ile ile ya Wangari ndani yake, kwa maana hakuna anayenunua kaboni ya mkoko uliokufa. Malipo hutoka kwa mti ulio hai, na mti ulio hai hutunzwa na mwenyeji.

Basi ushirikiano wa Kenya na Tanzania katika bahari hii utakapopata viongozi wake, tusiwapime kwa idadi ya warsha wala kwa wingi wa miche iliyochomekwa ufukweni siku ya sherehe. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba mche wa mkoko uliochomekwa penye mchanga mtupu husombwa na maji ya bamvu. Tuwaulize mambo matatu. Je, mvuvi wa Majoreni na mwenzake wa Mkinga wana viti mezani? Je, fedha zinafika kwa anayelinda? Na baada ya miaka mitatu, ni miche mingapi iliyo hai?

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Ngozi ivute ili maji. Shule iliyo karibu na mikoko na iwe na kitalu chake, na kila mwanafunzi apewe mche wake, auandike katika daftari, aupime kila muhula hadi amalize shule. Alama asipewe kwa siku ya kupanda. Apewe kwa mche alioukuta hai mwaka uliofuata, na ukifa aeleze sababu. Mtoto aliyelelewa hivyo, akikalia siku moja kiti cha ushirikiano wa nchi mbili au kumi, atajua la kuuliza.