Guido wa Arezzo, Mwalimu wa Waimbaji

Mtawa Guido aliishi Italia yapata miaka 1,000 iliyopita. Zamani zile vijana walikaa miaka kumi wakikariri nyimbo za kanisa kwa kumsikiliza mwalimu, na asipokuwapo, wimbo mpya uliwashinda. Sisi tuliofundisha kwaya twaijua taabu hiyo. Guido akaandika sauti juu ya mistari, mmoja mwekundu, mmoja wa manjano; akazipa majina ut, re, mi, fa, sol, la, kutoka wimbo wa Mt. Yohane Mbatizaji. Ut ndiyo do yetu. Hata watoto, kabla ya mwezi kwisha, waliimba nyimbo wasizopata kuzisikia. Watawa wenziwe wa Pomposa walimhusudu, akahamia Arezzo. Yapata mwaka 1028 Papa Yohane XIX alimwita Roma, akajaribu mwenyewe, akaimba mstari asioujua.