Nguza Karl-i-Bond: mwana wa Musumba aliyekanwa na wenzake mara mbili

Katika historia ya siasa ya Kongo, ni wachache waliotupwa na kuokotwa tena kama Jean Nguza Karl-i-Bond. Alikuwa waziri wa mambo ya nje mara kadhaa, waziri mkuu mara mbili, mfungwa aliyehukumiwa kifo, mkimbizi na balozi. Chama tawala kilimkana mwaka wa 1977. Upinzani nao ukamkana mwaka wa 1991. Mara ya kwanza, aliyelipa ni yeye mwenyewe. Mara ya pili, waliolipa ni wakaaji wa Likasi na Kolwezi.

Nguza alizaliwa tarehe 4 Agosti 1938 huko Musumba, mji wa kifalme wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Lualaba. Alikuwa wa ukoo wa Moïse Tshombe, kiongozi aliyetangaza kujitenga kwa Katanga mwaka wa 1960. Ukoo huo ulimpa jina kubwa nyumbani, lakini huko Kinshasa ulimfanya atazamwe kwa wasiwasi miaka yote.

Hata hivyo alipanda haraka. Tangu mwaka wa 1972 aliongoza wizara ya mambo ya nje, kisha akawa kati ya vigogo wa chama cha MPR. Wakati huo MPR haikuwa chama kama vyama vya leo. Kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na hapakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Aliyekanwa na MPR alikuwa amekanwa na dola yenyewe.

Hilo ndilo lililomfika. Tarehe 8 Machi 1977, wapiganaji wa FNLC waliingia Shaba kutokea Angola. Wengi wao walikuwa askari wa zamani wa Katanga na watoto wao, na Walunda walikuwa wengi kati yao. Waliteka Dilolo, Kapanga na Mutshatsha, wakaikaribia Kolwezi. Mobutu aliokolewa na askari wa Morocco walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Vita hivyo vinakumbukwa kama Vita vya Siku 80.

Baada ya vita, Mobutu alianza kutafuta wasaliti ndani ya nyumba. Mnamo Agosti 1977, Nguza, aliyekuwa bado waziri wa mambo ya nje, alikamatwa. Alishitakiwa kwamba alijua mapema habari za mashambulizi akanyamaza. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifo. Wenzake wa chama, waliomsifu jana yake, walimwita msaliti. Mobutu alibadili hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na mwaka wa 1978, mwaka ambao Kolwezi yenyewe ilitekwa na FNLC, akamwachilia. Baadaye Nguza alieleza namna alivyoteswa gerezani.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Mwaka wa 1979 alirudishwa kwenye wizara ile ile, na mnamo Agosti 1980 akapewa uongozi wa serikali. Huo ulikuwa mtindo wa Mobutu: kumwangusha mtu, kisha kumwinua, ili ajue kwamba uhai wake uko mkononi mwa mmoja tu. Mnamo Aprili 1981 Nguza alijiuzulu akiwa Ubelgiji, akabaki uhamishoni. Alitoa ushahidi mbele ya bunge la Marekani kuhusu wizi wa mali ya nchi, na mwaka wa 1982 akachapisha kitabu kilichomwita Mobutu mwili wenyewe wa uovu wa Zaire. Lakini mwaka wa 1985 alirudi nyumbani. Mwaka uliofuata alikuwa balozi huko Washington, akimtetea mtu yule yule aliyemshitaki mbele ya Wamarekani. Kuanzia 1988 akawa tena waziri wa mambo ya nje.

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Nguza aliunda chama chake, UFERI, kilichodai serikali ya majimbo na kupata nguvu kubwa Shaba. Mnamo Julai 1991, UFERI, UDPS ya Étienne Tshisekedi na PDSC ya Joseph Iléo viliunda Muungano Mtakatifu wa upinzani. Kolwezi iliupokea muungano huo kwa matumaini. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mnamo Septemba 1990, na Gécamines ilikuwa inazama. Katika mitaa ya wafanyakazi, Mkatanga na Mkasai waliishi ukuta kwa ukuta, na wote wawili walingoja mshahara usiofika.

Muungano huo haukumaliza hata miezi mitano ukiwa mzima. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 mjini Kinshasa, Tshisekedi aliteuliwa waziri mkuu, kisha akaondolewa kwa muda mfupi. Upinzani ulisema mwanachama wake yeyote asichukue nafasi hiyo. Tarehe 25 Novemba 1991 Mobutu alimpa Nguza, naye akakubali. Muungano Mtakatifu ulimfukuza pamoja na chama chake.

Kama waziri mkuu, mnamo Januari 1992 Nguza alisimamisha kazi za Kongamano Kuu la Kitaifa. Tarehe 16 Februari, Wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai lifunguliwe tena, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa. Kongamano lilirudi kazini mnamo Aprili, na tarehe 15 Agosti 1992 likamchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Nguza alikuwa amepoteza upinzani, na sasa alipoteza kiti pia. Kilichobaki ni Katanga.

Hapo ndipo hesabu ya wakubwa ilipofika kwa wadogo. Liwali wa jimbo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mtu wa UFERI. Mashirika ya haki za binadamu yalimshutumu kwa hotuba za chuki dhidi ya watu wenye asili ya Kasai, na vijana wa chama, JUFERI, kwa kuzifanya hotuba hizo kuwa vitendo. Tshisekedi alikuwa Mluba wa Kasai. Kwa hiyo ugomvi wa vigogo wawili uligeuzwa kuwa kosa la kila jirani mwenye jina la Kikasai. Wengi wao walizaliwa papa hapa, kutokana na wazee walioajiriwa na Union Minière tangu miaka ya 1920.

Likasi ililipuka mara baada ya uchaguzi wa Agosti 1992. Mnamo Machi 1993 zamu ikawa ya Kolwezi. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, wafanyakazi wakaacha kazi zao, familia zikalala karibu na kituo cha treni zikingoja behewa. Wengine, hasa watoto, walikufa kwa maradhi na njaa wakingoja au wakiwa njiani kuelekea Mwene-Ditu na Kananga. Katika Katanga nzima, waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Waliobaki hawakufaidika kwa muda mrefu: Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, haikufikisha hata tani 50,000 mwaka ule wa 1993.

Mnamo Aprili 1993 Nguza aliingia katika serikali ya Faustin Birindwa, mwana wa Kivu ambaye naye alifukuzwa na chama chake cha UDPS kwa kukubali kuteuliwa na Mobutu. Ilikuwa serikali ya waliokanwa. Muda si mrefu afya ya Nguza ilivunjika, na alipofariki mwaka wa 2003 sauti yake ilikuwa imenyamaza kitambo katika siasa.

Wanaomtetea husema alikuwa mwanadiplomasia hodari na alipigania haki ya majimbo kujitawala, jambo ambalo katiba ya 2006 ililipa nafasi. Wanaomlaumu husema aliuza upinzani kwa kiti cha miezi tisa. Yote mawili yana ukweli. Lakini kosa zito zaidi si kuhama kambi. Ni kwamba alipobaki bila wenzake, chama chake kilijijenga juu ya ukabila, na yeye, aliyeonja mwenyewe kuitwa msaliti kwa sababu ya asili yake ya Kilunda, hakuuzuia moto huo.

Leo jina la Muungano Mtakatifu limerudi Kinshasa, na mjini Kolwezi mabishano kuhusu wanaowasili kutoka Kasai yamerudi vilevile. Viongozi watazidi kukanana na kupatana. Mkaaji wa Manika anayesikiliza hotuba zao ana haki ya kukumbuka ni nani aliyepanda treni mwaka wa 1993, na ni nani aliyebaki na cheo.