Ruby, Msikilizaji wa Jua

Kwetu Manibe, redio ya babu ya masafa mafupi ilikuwa ikikatika ghafla mchana, naye huilaumu betri. Siku nyingine kosa lilikuwa la jua. Nililijua hilo chuoni, nikisoma habari za Ruby Payne-Scott.

Alizaliwa Australia mwaka 1912, akasomea fizikia Sydney, na mwaka 1941 akaingia maabara ya rada za vita. Vita vilipokwisha aligeukia jua. Machi 1947 jua lililipuka. Yeye na wenzake wakaona kelele yake imefika kwanza kwenye megahezi 200, kisha 100, kisha 60, kwa tofauti ya dakika. Maana yake kitu kilikuwa kikipanda kutoka juani.

Aliolewa 1944 kwa siri, maana mke wa mtu hakupewa ajira ya kudumu. (Sisi ndoa tunaambiwa tuitangaze!) Ilipojulikana, 1950, akanyang'anywa ajira hiyo. Mwaka 1951, akiwa mjamzito, akaacha kazi. Baadaye akawa mwalimu wa shule. Alifariki 1981.

Dada yangu anasoma fizikia, na posa imeshafika Manibe. Nimempa habari hizi azisome kabla hajajibu.