MAISHA YA BWANA HOBLEY, MWANDISHI WA KHABARI ZA WATU WA ZIWA

Ndugu wasomaji, kurasa kama hizi zimezoea kutaja maisha ya maulamaa na wafalme wa Kiislamu. Safari hii twataka kueleza maisha ya mtu asiyekuwa katika hao, naye ni Charles William Hobley, Mwingereza aliyetawala Kisumu na nchi za kando ya ziwa, kisha akatawala Mombasa. Hatumwandiki kwa kumsifu wala kwa kumtukana, bali kwa sababu katika maisha yake mna fundisho kubwa juu ya kalamu, na juu ya jamaa aliyeiacha kalamu ikashikwa na mwingine.

Hobley alizaliwa Uingereza katika mwaka wa 1867, akasoma ilimu ya mawe na madini. Mwaka wa 1890 alikuja Mombasa katika utumishi wa ile Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa pwani yetu na Sultani wa Unguja kwa mkataba. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kuchungua madini. Kampuni ilipodhoofika na serikali ya Kiingereza kushika mahali pake, Hobley aliingia katika utumishi wa Uganda, kwani wakati huo nchi zote za upande wa ziwa, na Kisumu ya leo ikiwa ndani yake, zilihisabiwa kuwa ni Uganda. Mwaka wa 1895 alipelekwa Mumias awe mkuu wa huko.

Hapa msomaji na asimame kidogo afikiri. Mumias haikuwa nchi ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla ya serikali ya Kiingereza kutia mguu huko. Walinunua pembe, wakajenga, wakaoa, wakazaa, wakajua lugha za wenyeji. Uislamu ukaota mizizi, hata Mumia mwenyewe akasilimu baadaye. Basi Hobley alipita njia iliyokwisha kukanyagwa na wazee wetu, akafikia mji uliokwisha kuwajua.

Kazi yake ya kwanza huko haikuwa ya kalamu. Katika mwaka huo huo wa 1895 palitoka vita juu ya Wabukusu, waliojihifadhi ndani ya ngome zao za Lumboka na Chetambe. Jeshi la serikali lilikuwa na askari wa Kinubi, nao ni Waislamu, pamoja na Waganda na Wawanga. Watu wengi waliuawa na ng'ombe wakatekwa. Mwaka wa 1899 askari wakapelekwa tena, mara hii katika nchi za Wajaluo, kwa watu wa Seme, Sakwa na Uyoma.

Lakini katikati ya vita na kodi, mtu huyu alikuwa akiuliza na kuandika. Mwaka wa 1896 aliuzunguka mlima wa Elgon kwa miguu, akatia khabari za safari ile katika jarida la wanajiografia wa London. Aliuliza majina ya koo, na namna ya kuposa na kutoa mahari, na namna ya kuzika, na kurithi, na kuapa. Akakusanya maneno ya lugha mbalimbali akayapanga safu kwa safu ili yalinganishwe. Watu wa pwani walikuwa wakiwaita wote wa upande ule kwa jina moja la Kavirondo, na Wazungu wakalifuata jina hilo. Hobley alionyesha katika maandishi yake kuwa ndani ya jina hilo mna watu wa namna mbili: hawa lugha yao ni ya Kibantu, iliyo jamaa na Kiswahili chetu, na hawa wengine, ambao ni Wajaluo, lugha yao ni jamaa na za Waacholi na Washiluki wa mto wa Naili.

Kisha makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kisumu, kwenye ghuba ya ziwa, kwa kuwa ndiko reli ilikokuwa ikielekea. Reli ilifika tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Mwaka uliofuata, 1902, nchi ile ikatolewa katika Uganda ikatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndiyo Kenya. Katika mwaka huo huo kitabu cha Hobley juu ya makabila ya upande ule kilipigwa chapa London na chama cha wanachuoni wa anthropolojia, yaani ilimu ya kuchungua wanadamu na mila zao.

Mambo ya namna hii hayakuwa ya Kisumu peke yake. Huko Asia ya Kusini Mashariki, katika kisiwa cha Sumatra, wako Waislamu wa Aceh, nao ni wa madhehebu ya Imamu Shafi kama sisi. Waholanzi walianza kuwapiga vita mwaka wa 1873, na kwa miaka mingi wasiweze kuwatiisha. Basi akatoka kwao mwanachuoni mmoja, jina lake Snouck Hurgronje, aliyezaliwa mwaka wa 1857. Alijifunza Kiarabu na fikihi, akajiita Abdul-Ghaffar, na mwaka wa 1885 akaingia Makka akakaa na mahujaji wa Kijawa. Mwaka wa 1891 alikwenda Aceh, akachungua kila jambo la watu wale: ibada zao, mashairi yao, ndoa zao, na heshima ya maulamaa juu yao. Akaandika kitabu cha juzuu mbili ambacho hata leo hakuna asomaye khabari za Aceh akaweza kukiacha. Lakini ilimu ile ile aliwapa watawala kwa shauri: waache watu wasali na wahiji, wawavute machifu wa mila upande wao, na wawapige bila ya huruma maulamaa wanaoongoza vita. Jemadari Van Heutsz akalifuata shauri hilo kwa upanga, na Sultani wa Aceh akasalimu amri mwaka wa 1903. Snouck alirejea kwao akafundisha katika chuo cha Leiden, akafa mwaka wa 1936.

Hobley hakuwa na ilimu ya Snouck, wala hakujua dini yetu kama alivyoijua yule. Lakini njia yao ilikuwa moja, kwani mwenye daftari la mila na mwenye amri ya bunduki alikuwa ni mtu mmoja. Na jambo hilo lilikuja likadhihiri hapa kwetu pwani. Hobley alihamishwa kutoka ziwani, akaandika juu ya Wakamba kitabu kilichotoka mwaka wa 1910, kisha akawa mkuu wa jimbo la pwani, makao yake Mombasa. Alipokuwa katika cheo hicho, Wagiriama walikataa kodi na kutolewa vijana wao kwa kazi, na mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Kaya Fungo wakala viapo. Mwandishi huyu wa viapo na mila aliijua vizuri maana ya kaya kwa Mmijikenda. Pamoja na hayo, mwezi wa Agosti 1914 serikali aliyoiongoza iliibomoa kaya ile kwa baruti. Vita vikafuata, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakatozwa faini nzito.

Alistaafu mwaka wa 1921. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya itikadi na uganga wa Wabantu, na mwaka wa 1929 akatoa kitabu cha kumbukumbu za utumishi wake. Alikufa mwaka wa 1947.

Ndugu wasomaji, ni rahisi kumlaumu Hobley kisha tukenda zetu. Lakini lawama haijazi rafu ya vitabu. Wazee wa misafara walikaa kando ya ziwa kabla yake, na lugha za huko walizijua kuliko yeye, wala herufi hazikuwa ngeni kwao, kwani barua na hisabu zao waliziandika kwa herufi za Kiarabu. Kiko wapi kitabu chao juu ya Wawanga au Wajaluo? Hata vitabu vichache vya Waswahili wa zama zile juu ya mila na safari, kama kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo iliyotoka mwaka wa 1903, vilipigwa chapa kwa sababu Mjerumani, Carl Velten, alitaka viandikwe.

Wala ilimu hii si ngeni kwetu. Al-Biruni, yapata miaka elfu iliyopita, alijifunza lugha ya Wahindi akaandika dini yao kwa insafu, naye si katika dini hiyo. Ibn Battuta aliandika khabari za Mombasa na Kilwa, na katika kitabu hicho hicho akaandika khabari za Sumatra. Kujuana kwa makabila ni jambo lililohimizwa na dini yetu.

Wenzetu wa ziwani hawakungoja. Mwaka wa 1938 Paul Mboya, Mjaluo na chifu wa Karachuonyo, alitoa kitabu cha mila za watu wake kwa Kijaluo chenyewe. Mtu akitaka leo kujua Mjaluo alivyokuwa akioa na kuzika, si lazima apite mlangoni kwa Hobley.

Basi aliye na mzee nyumbani, wa Kisumu, Mumias au Mombasa, na achukue daftari amuulize: nasaba, majina ya mitaa, misikiti na walioijenga, ndoa na jirani wasiokuwa wa dini yetu. Na aandike kwa uadilifu, asizidishe wala asipunguze, kwani mwenye kuandika khabari za watu amebeba amana yao. Twamuomba Mola atuwafikishe. Amin.