Samora Machel: Muuguzi aliyekuwa rais wa Msumbiji

Wengi katika pwani ya Palma na Mocímboa da Praia humkumbuka Samora Moisés Machel akiwa ndani ya sare za kijeshi. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa uuguzi.

Alizaliwa Septemba 29, 1933 huko Chilembene, mkoani Gaza. Chini ya utawala wa Ureno kijana Mwafrika mwenye kiu ya elimu alikuwa na milango michache. Machel alipita mlango wa uuguzi, katika Hospitali ya Miguel Bombarda mjini Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Humo aliona wauguzi weusi wakilipwa pungufu kuliko wazungu kwa kazi ileile. Mwaka 1963 alitoroka kwenda Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO.

Vita vilianza hapa Cabo Delgado, katika kituo cha Chai, Septemba 25, 1964. Katika vita vya msituni risasi si adui pekee: jeraha likiingia uchafu hutunga usaha, na bakteria wakifika kwenye damu, mgonjwa huwa hatarini kufa. Majeruhi walivushwa mto Ruvuma hadi hospitali ya FRELIMO mjini Mtwara. Machel, aliyekuwa kiongozi wa chama tangu 1970, aliijua vyema thamani ya bendeji safi.

Uhuru ulipatikana Juni 25, 1975. Haukupita mwezi mzima kabla ya serikali yake kutaifisha huduma za afya, Julai 24. Hatua hiyo ilikuwa na gharama, kwani madaktari wengi Wareno waliondoka nchini. Waliobaki walifanya kazi ambayo haiimbwi sana. Mwaka 1977 nchi ilipata orodha yake ya taifa ya dawa, na dawa zikaandikwa kwa majina yake halisi badala ya majina ya biashara. Kwa maoni ya mwandishi huyu, orodha hiyo inastahili kutajwa pamoja na ushindi wa vitani. Antibiotiki ikitolewa ovyo, au mgonjwa akiacha dozi katikati, bakteria dhaifu hufa na sugu hubaki, wakazaana. Wakiingia wodini, hupita kutoka kitanda hadi kitanda kwa mikono isiyooshwa, na dawa iliyotibu jana haifui dafu leo. Mji unaopoteza zahanati yake kwa vita, kama ilivyotokea pwani hii tangu Oktoba 2017, hupoteza pia mtu wa kuamua nani apewe dawa gani na kwa siku ngapi.

Machel mwenyewe aliona zahanati nyingi alizozijenga zikichomwa katika vita dhidi ya RENAMO. Vita hivyo vilikuwa havijaisha ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, usiku wa Oktoba 19, 1986.